"Usihukumu": Neno Hili Limeandikwa Wapi?



Yapo maneno ya Biblia ambayo hata mtu asiyefungua Biblia anayajua. Utayasikia sokoni Darajani, utayasikia ndani ya daladala ya kwenda shamba, utayasikia kwenye baraza za Mji Mkongwe watu wanapokaa jioni kupunga upepo. Mojawapo ni hili: usihukumu, usije ukahukumiwa. Kila mtu analo mdomoni. Lakini ukimwuliza mtu limeandikwa wapi, na baada yake limeandikwa nini, wengi wetu hukwama. Jumapili hii tunapenda kulitafuta neno hilo huko lilikotoka. Tunafanya hivyo kwa sababu tuliwahi kuulizwa swali hili na bibi mmoja, nasi tukamjibu vibaya.

Ilikuwa katika jumuiya moja ndogondogo, shamba, hapa hapa Unguja. Jioni ile palikuwa na mambo mawili ya kuzungumza. La kwanza lilimhusu binti mmoja wa kwaya. Alikuwa ameonekana mara tatu akishuka garini usiku, na gari lenyewe halikuwa la kwao. Hakuna aliyemwuliza neno. Mkutano haukufika nusu, binti yule alikwisha kuhukumiwa: aondolewe katika kwaya. Baadaye tukaja kufahamu kwamba alikuwa akimwuguza mama yake mdogo hospitali hadi usiku, na jirani mmoja alikuwa akimrudisha nyumbani kwa hisani yake tu.

Jambo la pili lilihusu fedha za kuzikana. Bibi mmoja mjane alisimama, akauliza kwa adabu: "Wazee wangu, zile fedha tulizochanga tangu Kwaresima, ziko wapi?" Mzee aliyezishika aliinuka akajibu kwa sauti ya upole: "Bibi, Maandiko yasema, usihukumu, usije ukahukumiwa." Watu wakanyamaza. Nasi, tuliokuwa hapo kama mchungaji wao, tukanyamaza. Tukafunga kwa sala.

Njiani Bibi alitushika mkono. "Baba," alisema, "mie sikusoma. Lile neno alilonambia mwenzangu limeandikwa wapi? Na limeishia pale pale?" Tulikuwa na haraka. Tukamjibu, "Limo katika Injili, Bibi," tukaenda zetu. Lakini usiku ule usingizi ulitupaa. Jioni moja tulikuwa tumeona mambo mawili kinyume kabisa: neno la Bwana halikukumbukwa na mtu pale lilipohitajiwa kumkinga asiye na hatia, nalo likatumiwa kama ngao pale palipohitajiwa ukweli. Swali la Bibi lilikuwa halijajibiwa. Limeandikwa wapi? Na je, limeishia pale pale?

Kwanza tuondoe mashaka. Tulipowauliza makatekista wetu, mmoja alisema neno hili limo katika kitabu cha Mithali. Mwingine alitaja nyani asiyeona kundule. Hiyo ni methali ya wahenga wetu, tena ni ya hekima sana, lakini si ya Biblia. Wa tatu alitaja habari ya mwanamke aliyefumaniwa akaletwa mbele ya Yesu, na jinsi Bwana alivyowaambia washitaki kwamba asiye na dhambi miongoni mwao atangulie kutupa jiwe. Habari hiyo imo katika Injili ya Yohana, mwanzo wa sura ya 8. Wataalamu wanatuambia kuwa nakala za kale kabisa za Injili hiyo hazina habari hii. Hata hivyo Kanisa limeipokea tangu zamani kuwa Maandiko Matakatifu, nalo huisoma katika Misa. Ni ndugu ya neno letu, lakini si chanzo chake. Tena tuangalie inavyokwisha: Bwana hakumhukumu mwanamke yule, lakini alimwambia aende asitende dhambi tena. Dhambi haikuitwa jina jingine.

Neno letu lenyewe limo katika Mathayo, sura ya 7, aya ya 1. Limo tena katika Luka, sura ya 6, aya ya 37. Katika Mathayo ni sehemu ya Hotuba ya Mlimani, inayoanza sura ya 5 na kwisha sura ya 7. Katika Luka, Bwana amesimama mahali tambarare, na neno lenyewe limefuatana na mengine matatu: kutolaumu, kusamehe na kutoa. Wote wawili hawaliachi peke yake. Mathayo huliendeleza hadi aya ya 5, Luka hadi aya ya 42.

Pengine mtauliza, imekuwaje basi Wakristo wengi wajue mstari mmoja tu? Sababu moja iko katika mpango wetu wa masomo. Kwetu sisi Wakatoliki, Mathayo 7:1-5 husomwa siku ya Jumatatu ya juma la 12 la mwaka, siku ambayo waumini walio wengi wako kazini, baharini au shamba. Siku za Jumapili tunapata habari hiyo kwa Luka, katika Mwaka C peke yake, Jumapili ya 7 na ya 8 ya mwaka. Na Jumapili hizo mbili ziko jirani na Kwaresima. Kwaresima ikianza mapema, hurukwa. Kwa hiyo mtu aweza kuhudhuria Misa ya Jumapili miaka mingi, akasikia kifungu hiki mara chache tu. Mstari mfupi huruka kutoka mdomo hadi mdomo. Mistari inayoufuata hubaki kitabuni.

Sasa tuisome mistari hiyo. Baada ya kukataza kuhukumu, Bwana anasema juu ya kipimo: kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa. Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa maana yake. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi, na kila mtu alijua tofauti ya pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, na pishi iliyojazwa hadi ikamwagika. Alijua pia yule mtu mwenye pishi mbili nyumbani, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, chasema mizani na vipimo vya namna mbili ni chukizo kwa Bwana. Kumbe aya hii haisemi kwamba tusiwe na kipimo. Yasema tusiwe na viwili: kimoja cha makosa yetu, kingine cha makosa ya jirani. Luka anaongeza upande wa furaha: anayewapimia wengine kwa ukarimu atapewa kipimo kilichoshindiliwa na kufurika.

Kisha Bwana analeta mfano wa kibanzi na boriti. Hapo watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walitumia neno ambalo mtu wa Mji Mkongwe analiona kila siku akiinua macho. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu hiyo: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, takriban mita 3. Basi, mtu ana boriti ya namna hiyo jichoni mwake, naye anajitolea kumtoa mwenzake kibanzi, yaani kijiti kidogo kama unyasi! Bwana alikuwa seremala, tena alijua kuwachekesha wasikilizaji wake. Mtu mwenye boriti jichoni hawezi hata kusogea karibu na mwenzake bila kumjeruhi.

Mfano huu haukuwa mgeni masikioni mwa Wayahudi, na hapa ndipo tunapofika chimbuko la jambo lenyewe. Katika Torati, kitabu cha Walawi, sura ya 19, iko amri maarufu ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Ni aya ya 18. Wachache huiangalia aya ya 17, iliyo mbele yake: usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee wazi, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Kuonya na kupenda vimeandikwa pamoja, mlango mmoja. Walimu wa Kiyahudi walijadiliana sana juu ya amri hiyo ya kuonya, na mazungumzo yao yamehifadhiwa katika Talmudi. Mwalimu mmoja, Rabi Tarfoni, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, alishangaa kama katika kizazi chake yuko mtu anayekubali kuonywa. Kwani, alisema, ukimwambia mtu aondoe kibanzi machoni pake, yeye hukujibu uondoe kwanza boriti machoni pako. Mwalimu mwingine, Eleazari bin Azaria, akashangaa kama yuko mtu anayejua namna ya kuonya.

Tazameni, wapendwa. Katika maneno ya Rabi Tarfoni, anayetaja boriti ni yule aliyekosa. Anaitaja ili asiambiwe kitu. Huyo ndiye mzee wetu wa jumuiya, na mara nyingi ndiye mimi na wewe. Bwana Yesu anaupeleka mfano huo huo upande wa pili. Hampi mkosaji silaha ya kumnyamazisha anayeuliza. Anamwambia yule anayetaka kuonya aanze na jicho lake mwenyewe. Neno hili, basi, ni la kujisomea mimi nafsi yangu. Siku ninapolitumia kumfunga mwenzangu kinywa, nimelishika kwa upande usio wangu.

Na je, limeishia pale pale? La. Aya ya 5 ina neno dogo lenye uzito wote wa kifungu: "ndipo". Itoe kwanza boriti, ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi cha ndugu yako. Bwana hakusema, itoe boriti kisha uende zako. Kibanzi cha ndugu bado kinamwasha, na hapana mtu awezaye kujitoa kibanzi jichoni peke yake kwa urahisi. Anahitaji mkono wa mwingine, mkono mwepesi, na jicho linaloona. Aya inayofuata, ya 6, inatutaka tujue kipi ni kitakatifu na nani hawezi kukipokea. Aya ya 15 na 16 zinatutahadharisha na manabii wa uongo, ambao tutawatambua kwa matunda yao. Mtu asiyeruhusiwa kupambanua lolote angetiije maagizo hayo? Katika Yohana, sura ya 7, aya ya 24, Bwana anatuagiza wazi tusihukumu kwa kutazama sura tu, bali kwa haki.

Neno lililotumika katika Kigiriki, "krino", lina maana pana: kutenga, kupambanua, kuamua, na pia kutoa hukumu ya mwisho juu ya mtu. Kiswahili chetu nacho kinatufundisha. Hukumu, hakimu na hekima ni maneno ya shina moja, tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Yakitengana, ubaya huingia. Kusema, "Hesabu hii haijakamilika," ni kupambanua. Kusema, "Mtu huyu ni mwizi, na Mungu hana kazi naye," ni kukalia kiti kisicho chetu. Mtume Yakobo, sura ya 4, aya ya 12, anatukumbusha kwamba mwenye kiti hicho ni mmoja tu.

Wapendwa, hata jumuiya nzima, hata taifa, laweza kuwa na boriti. Wageni wengi hufika Mkunazini, hapa mjini, kuliona Kanisa Kuu la Waanglikana. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka ule ule. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo na kufanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja, amezikwa humo. Mkristo asimamaye pale hujaribiwa kunyosha kidole kwa wengine. Na aanze na historia ya nyumbani kwake. Katika karne ya 18 na ya 19, wafanya biashara Wakristo kutoka Ulaya walinunua watumwa Kilwa na Unguja, wakawapeleka kulima miwa katika visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Watu hao walibatizwa kama sisi, wakaimba zaburi kama sisi. Kulikiri hilo si kuusafisha uovu wa mtu mwingine yeyote. Ni kutoa boriti, ili tuweze kusimama mahali pale na majirani zetu na kuwalilia watumwa wale pamoja. Majirani zetu Waislamu nao wanalo fundisho zito juu ya ulimi: Kurani, katika sura ya Al-Hujurat, hufananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Tukilishika kila mmoja la kwake, baraza zetu zitakuwa mahali pa amani.

Kwenu ninyi makatekista, tunapenda kuacha mambo matatu ya kufundisha. La kwanza, msimfundishe mtu aya ya 1 bila aya ya 5. Watoto na wayasome yote matano pamoja. La pili, kabla ya kumsema mtu, jumuiya imwulize mtu huyo. Binti wa kwaya hakuulizwa hata mara moja. La tatu, mfuateni Bwana katika Mathayo, sura ya 18, kuanzia aya ya 15: nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia bado, ndipo uliambie Kanisa. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunaliambia Kanisa kwanza, tena barazani, na mwenyewe husikia wa mwisho.

Tuliporudi kwa Bibi, tulimsomea kifungu chote polepole, kwa kuwa yeye hakusoma. Alisikiliza hadi kwenye boriti, akacheka. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa nyumba za Mji Mkongwe. "Baba," alisema, "boriti ikioza huioni. Iko juu ya kichwa chako, imepakwa chokaa, yapendeza. Maji ya mvua yanaingia kwa juu, kidogo kidogo. Marehemu alikuwa akiigonga kwa fimbo, akaisikiliza." Kisha akanyamaza, akauliza: "Na wewe Baba, siku ile ulinyamaza kwa nini?"

Bibi alikuwa ameigonga boriti yetu, nayo ikalia. Tulinyamaza kwa sababu mzee yule alikuwa mfadhili wa kigango, tukaogopa kumkosa. Na juu ya binti tulinyamaza kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Tulikuwa na pishi mbili.

Tulikwenda kwa mzee, peke yetu, tukamkiri kwanza kosa letu la kunyamaza. Ndipo tukamwuliza habari ya fedha. Alitoa daftari. Sehemu ya fedha alikuwa ameitumia kwa shida ya nyumbani kwake, akaona haya kusema. Alizirudisha kidogo kidogo, mpaka zikatimia, na jumuiya haikumfukuza. Tukaenda pia kwa binti, pamoja na wazee wa kwaya, tukamwomba radhi mbele ya mama yake mdogo. Alitusamehe kwa maneno mazuri. Lakini kwaya hakurudi tena, na hadi leo sauti yake hatuisikii kanisani. Kuna hukumu ambazo hata zikifutwa, alama yake hubaki.

Basi, ndugu wapendwa, juma hili kila nyumba ifungue Mathayo, sura ya 7. Asiyejua kusoma na asomewe. Msiishie aya ya 1. Fikeni kwenye "ndipo". Na mtu akikuuliza juu ya jambo lililo mikononi mwako, usimjibu kwa Maandiko. Mjibu kwa daftari.

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kuigonga boriti iliyo juu ya vichwa vyetu, na mkono mwepesi wa kumsaidia ndugu aliye na kibanzi. Utuondolee pishi ya pili. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.